Sasa hapa nani kampiga nani?

SWALI: Shikamoo anko. Naandika hadithi ya dada wawili wa Kibosho, Manka na Aika, wanagombea kihamba, yaani shamba la ukoo, cha marehemu baba yao. Mi naona iko wazi kabisa ila wifi yangu kasoma kurasa tatu akanirudishia anauliza "sasa hapa nani kampiga nani?" na akasema mwanzo unachosha. Nimeanza na mlima, ukurasa mzima. Shida iko wapi?
Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo wifi mnunulie soda, wengine wangekwambia "iko poa" basi yakaisha. Nimesoma kipande ulichotuma nikakwama hapa: "Alimwangalia akamwambia amwachie akakataa akamzaba kofi." We unawaona kichwani, sisi tumeachiwa "a" na "m" tu, na Kiswahili hata mke na mume hakiwatenganishi hapo sembuse dada wawili. Taja majina bwana, usiogope kurudia, au mmoja mshikishe panga la migomba ili ukisema "mwenye panga" tujue ni yupi. Mi ningeandika: "Manka alimkazia macho mdogo wake. 'Niachie.' Aika akagoma. Kofi la dada yake likamkuta bado anatikisa kichwa."

Halafu hizo "ka". Kufungua na "li" ukaendelea na "ka" ni sawa, ndo tunavyosimulia, ila kumi na moja kwenye aya moja inakuwa kama konda anataja vituo, Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, abiria kashasinzia. Changanya, weka "huku akitetemeka", weka maneno ya mtu, weka sentensi fupi.

Mlima sisemi uutoe. Uweke pale una kazi, mfano Manka anaona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imefunikwa na mawingu anakimbilia kuanua kahawa. Mwanzo wako halisi umeuficha ukurasa wa tatu, pale isale, ule mmea wa mpakani, linakutwa limeng'olewa! Anzia hapo. Mchagga yeyote atashtuka, na asiye Mchagga mpe sentensi moja tu kwamba ndo mpaka wenyewe, na ndo jani hilohilo mtu anapeleka akienda kuomba msamaha, usianze kufundisha mila.

Na mama yao je? Ukurasa wa kwanza alikuwa anakoroga mbege, mpaka watoto wanazabana makofi hajaonekana tena.