Gari inazimika ikipata joto: tazama ignita kabla ya kununua pampu

Ndugu yangu uliyeuliza kuhusu Corolla yako ya zamani inayozimika ikishapata joto, kisha baada ya nusu saa inawaka kama haikuwa na kitu: usikubali kuuziwa pampu nyingine ya mafuta. Mimi nilinunua pampu, filta na plagi, na bado nikakwama baina ya Wete na Konde, mama yangu mzazi yumo ndani na jua la saa saba.

Siku hiyo nikapima palepale, gari ikiwa imekufa. Hili ndilo kubwa, kwani ikishapoa kila kitu kinaonekana kizima na fundi atakwambia haina tatizo. Nilichomoa waya wa plagi moja, nikatia plagi ya akiba, nikailaza juu ya chuma cha injini, mbali na petroli, kijana akapiga stata. (Usiishike kwa mkono, moto ule ni maelfu ya volti.) Cheche hakuna, na volti 12 zinafika kwenye koili (inayokuza umeme wa betri uwe moto wa plagi). Nikaiwekea ignita, kile kisanduku kidogo cha umeme kinachoiamrisha koili, kitambaa cha maji baridi nilichokikamua vizuri. Dakika chache, cheche zikarudi.

Ignita ndiyo iliyorithi kazi ya platini, ile swichi ya ndani ya distributa za zamani: inaruhusu umeme wa koili na kuukata, na kila ikikata ndipo plagi inapopata moto. Ndani mna transista, nayo ikichoka haistahamili joto.

Kuifunga ni kazi ya bisibisi, ila toa kwanza waya wa hasi wa betri. Ya kwanza niliyofunga, ya mtumba kutoka Unguja, haikumaliza wiki mbili. Niliibandika kavu! Chini yake hupakwa krimu ya kupitisha joto, kama ile ya mafundi wa kompyuta, lau si hivyo joto halishuki kwenye chuma. Na sisi watu wa pwani chumvi inatula: sugua mahali pa kukalia mpaka pang'ae, maana ignita nyingi hupata ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri) kupitia skrubu zake. Pima na koili pia, yenye shoti itakuulia ignita mpya.

Ya pili nimeipaka krimu, mwaka wa tatu huu haijanizimikia.

Ukishapima niambie cheche ipo au haipo, na ignita yako imo ndani ya distributa au imefungwa nje, kwa sababu haziingiliani.