Jibu: Suruali za mtoto zinazochakaa magotini

Dada, umeuliza ununue nini Owino, soko la mitumba la Kampala, ili mwanao wa miaka 4 apendeze na suruali zisitoboke magotini. Chukua jinzi laini au kaki ya pamba. Inyanyue juani kwanza: mwanga ukipenya magotini, irudishe hata kama rangi imekuvutia. Namba ya umri kwenye lebo isikuongoze, maana mitumba hutoka nchi nyingi na vipimo havilingani. Pima kwa utepe suruali yake ile inayomkaa vizuri, kiuno na mguu wa ndani, kisha ongeza sentimita 5 za urefu. Fundi akunje hizo 5 kwa mshono wa mkono, mtoto akirefuka, unafumua. Kiunoni lastiki, aivue mwenyewe chooni.

Kiraka cha kitenge kishonwe magotini suruali ikiwa bado nzima, kingo zikunjwe ndani zisichanike. Kitenge hichohicho kiwe mfuko wa shati, na hapo amependeza kweli!

Matope mekundu yaache yakauke, yapige brashi, ndipo uloweke kwa maji baridi na sabuni. Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, usiiguse kabisa: udongo wetu una chuma, na klorini hulikaza doa.