Mtoto wako si mzito, mfundishe kichwa na mkia wa neno

Juzi saa nne usiku jirani yangu hapa kambi ya polisi, Uganda, kanitumia voisi ya WhatsApp, nusu yake analia. Ripoti za tamu, yaani muhula, zimetoka, mtoto wake yuko P3, darasa la tatu, ticha kaandika hawezi kusoma, bora arudie darasa. "Mama, wewe wako ulimfanyaje?" Nimeona nijibu hapa maana si yeye wa kwanza kuniuliza, na sisi tunaoishi kwenye hizi uniport, vibanda vya bati vya polisi, hadithi yetu ni moja, watoto ndani wanaongea Kiswahili, wakitoka kucheza ni Luganda, darasani ni Kiingereza tupu. Ndiyo, mtaala wa 2007 ulisema P1 mpaka P3 mtoto afundishwe kwa lugha ya kwao, lakini huku mjini darasa moja lina lugha sijui ngapi, kwa hiyo shule nyingi zinaanza na Kiingereza siku ya kwanza.

Wangu alianza P1 mwaka 2020. Machi shule zikafungwa, na zilipofunguliwa kwa wote Januari 2022 watoto wakapandishwa darasa tu. Basi akaingia P2 hajui kusoma hata ubao wa duka. Nikaitwa shule. Ticha kafungua daftari mbele yangu, wino mwekundu ukurasa mzima: cat kaandika kati, bed kaandika beda, dog kaandika dogi. Halafu akasema, na wazazi wengine wamekaa pale wanasikiliza, kwamba watu wa kambini tunaongea Kiswahili na watoto, tunategemea nini. Nilitoka sina la kusema. Mpaka leo nikipita lile geti kifua kinabana.

Usiku ule sikulala, nikawa nafikiria ile beda. Kiswahili karibu kila silabi inaishia na irabu, ba be bi bo bu, na sikio la mwanangu limejengwa hivyo tangu yuko mgongoni. Alisikia bed, akaona neno limekatika katikati, akalimalizia. Mtoto alikuwa anafuata sheria, tena vizuri sana, ila ya lugha nyingine! Kesho yake nikaanza kumwandikia kuku, samaki, baba, jikoni, na haikupita mwezi akawa anasoma Kiswahili mwenyewe, kwa sababu herufi zetu hazidanganyi, a ni a popote utakapoikuta. Hapo nikajua kichwa cha mtoto kizima, tatizo ni njia.

Njia yenyewe ni familia za maneno. Unachukua mwisho wa neno, mimi naita mkia, unaubadilishia kichwa. Mkia -en: pen, hen, ten, men. Nilikata boksi la sabuni nikaandika mikia kwa maka nyekundu, vichwa nikaandika kwenye vizibo vya soda, kizibo kimoja herufi moja. Tunakaa kwenye mkeka baada ya kuosha vyombo, anasogeza kizibo cha h mbele ya -en anasoma, anakitoa anaweka t, anasoma tena. Dakika kumi na tano, basi. Wataalamu wawili wa Marekani, Wylie na Durrell, walionyesha mwaka 1970 kwamba mikia 37 tu inakupa karibu maneno 500 ya madarasa ya chini. Fikiria mwenyewe, mikia 37, hata ukifundisha mmoja kwa wiki mwaka hauishi.

Sasa sikilizeni, hapa ndo wengi tunaharibu. Mtoto aliyezoea silabi zetu anakata neno vibaya, hen anaikata he halafu n, sababu kwake he ni kitu kizima na n imebaki yatima, lazima aitafutie irabu, ndo unapata heni. Familia inataka ukate h, halafu -en. Usimruhusu auvunje mkia. Ule mkia ni mmoja, unatamkwa pamoja, mdomo unafunga pale pale. Wangu nilimwekea kidole mdomoni mwake mwenyewe, akimaliza neno kidole kinamwambia kama mdomo umefunguka tena. Wiki ya pili beda ikafa.

Na usianze na cat. Najua vitabu vyote vinaanza na cat, lakini sikio letu halitofautishi cat na cut, wala hat na hut, kwetu zote ni a. Mtoto anayeanzia hapo anaanza na mtego. Anza na -en, -et, -ot, -ig, irabu ambazo Kiswahili kinazo, akishapata ujasiri ndo umpeleke kwa -at na -ut, umsimamishe mbele yako atazame mdomo wako, cat mdomo unapanuka, cut unalegea.

Baadaye zinakuja familia kubwa, -ake, -all, -ight. Ile -ight alinibana nayo, "Mama, hii g na h zinafanya kazi gani?" Zamani Waingereza walizitamka, sauti ya kukwaruza kama kh ya kheri, sauti ikafa herufi zikabaki. Nikamwambia ndo maana unaubeba mkia mzima bila kuupekua: night, light, right, fight. Akaandika yote manne bila kosa na mimi nikatoka nje kulia kwenye kamba ya nguo.

Wapo wakaidi, put haifanani na cut, have haifanani na gave, come haifanani na home. Hao tunawaandika ukurasa wao peke yao nyuma ya daftari, anawakariri.

Na aandike! Kusogeza vizibo bila kuandika ni mchezo. Kila neno alisome, aniambie maana yake kwa Kiswahili, afunike, aandike. Asiyejua maana ya hen anaimba tu.

Wazazi wenzangu, tuache kuona aibu na lugha yetu. Mtu akikwambia Kiswahili kinaharibu mtoto, ati lugha ya wanajeshi, unainamisha kichwa kama nilivyoinamisha mimi, halafu unarudi nyumbani unamwongelesha mtoto Kiingereza cha kuvunjika ambacho hata wewe hakikutoshi. Kiswahili kiko kwenye katiba ya nchi hii kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likataka kifundishwe kwa lazima shuleni. Na chenyewe kimejaa familia: soma, somo, somesha, msomaji. Mtoto anayeziona hizo kwa Kiswahili tayari ana jicho la kuziona kwingine. Mwongelesheni, msimulieni, halafu kaeni naye hizo dakika kumi na tano kila siku, hata siku umechoka, hata siku hakuna umeme, maana tuisheni unalipia mtu asiyejua mwanao anakwama wapi na wewe uliyemzaa uko naye sebuleni unaangalia simu.

Wangu tamu hii alisoma mbele ya shule nzima, Kiingereza, ukurasa mzima, hakukwama. Ticha yule yule alikuwa amekaa mstari wa mbele. Hakuniambia kitu, na mimi sikumwambia.

Jirani nimemwambia aje na mtoto leo jioni. Vizibo ninavyo, boksi la sabuni alete mwenyewe. Tunaanza na -en.