Mbona "had" na jambo ni la leo? Nilivyojifunza majini, Lamu

Mdogo wangu, umeuliza mambo mawili: mbona Mwingereza husema "If I had a boat, I would take you" ilhali azungumzia leo, na must huenda wapi katika sentensi kama hizo. Mwalimu amekwambia ukariri tu. Mie kukariri hakukunifaa, kulinikosesha safari.

Wakati huo nilikuwa nikipeleka wageni Takwa, yale magofu ya kisiwani Manda. Aliyefika ajua: njia ni mkono wa bahari katikati ya mikoko, na maji yasipojaa chombo hakifiki. Jioni moja gatini mgeni akaniuliza kama kesho tutakwenda. Kichwani nilikuwa na Kiswahili changu safi, maji yakijaa tutakwenda. Mdomoni nikataka kuonyesha adabu: "If the tide would be high, we would go." Akanishukuru, akaenda zake. Asubuhi namwona huyo, kakaa kwenye mashua ya mwenzangu! Baadaye akanieleza kwamba alidhani namkatalia kwa upole.

Alikuwa na haki. Katika sentensi hizi umbo la wakati uliopita halina habari na jana. Kazi yake ni kulisogeza jambo mbali na uhakika. "If the tide is high, we will go" ni -ki- na -ta-, safari ipo. "If the tide were high, we would go" ni -nge-, maana yake maji hayajajaa, au sitarajii yajae. Ndiyo sababu will hugeuka would, can ikawa could, may ikawa might.

Na lile would langu la kwanza lilitoka wapi? Kwa mama. Kiswahili hutia -nge- pande zote mbili: ningekuwa na mashua, ningekupeleka. Nasi twatia would pande zote mbili. Kiingereza huitaka upande wa matokeo peke yake. Upande wa if watosheka na had, were, came. Ukisikia "If you will wait here, I'll call him", usichanganyikiwe, hiyo will ni ya kuridhia: ukikubali kungoja.

Likiwa jambo ni la jana kweli, umbo la uliopita limeshashikwa na kazi nyingine, basi Kiingereza hurudi nyuma hatua moja zaidi: "If I had known, I would have come." Ni -ngali- ya wazee, ningalijua ningalikuja. Siku hizi wengi wetu twasema ningejua ningekuja, ya leo na ya jana sawasawa, kisha twalalamika Kiingereza kigumu. Nyanya yangu hakuzichanganya hata siku moja. Hata kuvuka kutoka jana hadi leo aliweza: ungalisoma, ungekuwa mwalimu sasa. "If you had studied, you would be a teacher now." Maneno hayo nilikuwa naambiwa mimi.

Must haina umbo la kugeuzia, kwa hiyo huazima have to. Injini ingetufia mikokoni, ingetubidi kutumia upondo: "If the engine died, we would have to use the pole." Ikiwa safari ni ya jana na injini haikuzima, ni "would have had to". Maneno manne kwa upondo ambao hata haukushikwa.