Kabla hujajaza fomu ya kusomea saikolojia

Kila mwezi wa saba, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nyumbani kwetu hapa Pasua, Moshi, tunapata wageni wa aina moja. Wa mwaka huu alikuwa binti wa jirani, amekuja na mama yake. Salamu zilipoisha na chai ikamiminwa, mama mtu ndiye aliyeanza. "Mwanangu, huyu mdogo wako anataka kusomea saikolojia. Mimi nasema asomee ualimu. Hiyo saikolojia si ndiyo ya vichaa?" Binti akainamisha kichwa. Akasema kwamba bwenini wenzake walikuwa wanamletea shida zao usiku, wakimwambia anajua kusikiliza.

Nilinyamaza kidogo, maana na mimi niliingia chuo kwa sababu hiyo hiyo. Niliyomwambia siku ile nayaandika hapa kwa yeyote mwenye fomu mkononi.

Kwanza hilo la vichaa. Anayetibu magonjwa ya akili kwa dawa ni daktari. Amesoma udaktari, kisha akabobea. Hao ndio utakaowakuta hospitali ya Mirembe, Dodoma. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Anachunguza jinsi watu, wazima kwa wagonjwa, wanavyofikiri, wanavyohisi, wanavyokumbuka na wanavyotenda. Na akijiendeleza upande wa tiba, anamsaidia mtu kwa mazungumzo yenye utaratibu maalumu. Kusoma mawazo ya mtu usoni hakumo.

Mimi nilifika mwaka wa kwanza nikitegemea kufundishwa kusikiliza. Kilichonipokea ni takwimu: wastani, mkengeuko sanifu, uwiano, sampuli. Nilikesha na desa za watu, yaani notsi za kunakili, nikapata sapu, mtihani wa kurudia, nikarudi Moshi likizo nikiwa na hakika kwamba nimepotea njia.

Kilichonirudisha ni ajali. Nilikuwa na dada yangu karibu na soko la Mbuyuni, hiace ikagongana na bodaboda mbele yetu. Dereva wa boda aliumia mguu tu, Mungu mkubwa. Mtu mmoja akaja mbio akituuliza, "Mmeona ilivyomvaa?" Nikaanza kueleza: hiace ilikuja kasi, ikamrusha, kioo cha taa kikamwagika barabarani. Dada akanitazama kama ananishangaa. Yeye alisema hiace ilikuwa inatoka taratibu pembeni, na boda aliteleza alipofunga breki. Tulibishana hadi nyumbani. Jioni tulipopita tena tuliikuta ile hiace imeegeshwa palepale, taa zote mbili nzima. Na mimi ningekula kiapo juu ya kile kioo. Nilikuwa nakiona kabisa.

Niliporudi chuoni nikakutana na jaribio la Elizabeth Loftus na John Palmer, la mwaka 1974 huko Marekani. Waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yanayogongana, kisha wakawauliza yalikuwa kwenye mwendo gani. Swali lilikuwa lilelile, ila kitenzi kilibadilishwa. Kwa Kiswahili chetu ni kama kumwuliza mmoja magari "yalipogusana", mwingine "yalipogongana", na mwingine "yalipovaana". Walioulizwa kwa neno kali kuliko yote walikadiria, kwa wastani, karibu kilomita 66 kwa saa. Walioulizwa kwa neno laini walisema 51 hivi. Katika jaribio la pili walirudi baada ya wiki moja, wakauliza kama kulikuwa na vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo chochote kilichovunjika. Hata hivyo, katika watu 50 walioulizwa kwa neno kali, 16 walisema waliviona. Katika 50 walioulizwa kwa neno la kawaida, walikuwa 7.

Nilisoma hizo namba nikakumbuka "ilivyomvaa".

Na hapo ndipo takwimu iliponiingia kichwani. Ukirusha sarafu mara 50 unaweza kupata vichwa 22; ukirudia, ukapata 28, na hakuna aliyeichezea. Sasa hiyo 16 na 7 imeletwa na neno, au ni bahati tu ya nani aliangukia kundi lipi? Somo lile nililolichukia limeumbwa kwa ajili ya swali hilo. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba moyo wa saikolojia ni kuuliza "unajuaje?" juu ya mambo ya watu, tena kwa kuanzia na wewe mwenyewe. Mdogo wangu, usiikimbie takwimu. Kama hesabu zilikuachia kovu kidato cha nne, tafuta mtu akupitishe wastani na asilimia kabla chuo hakijafunguliwa. Nilisubiri, nikalipa kwa sapu.

Historia utafundishwa, mimi nakupa mlango tu. Wilhelm Wundt alifungua maabara ya saikolojia Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, na wengi huhesabia hapo mwanzo wa fani hii kusimama peke yake. Sigmund Freud, yule daktari wa Austria aliyefasiri ndoto, utakutana naye pia, ila nafasi yake katika saikolojia ya leo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Wa kumshika mapema ni Hermann Ebbinghaus, kwa sababu atakusaidia kwenye mitihani. Alijifanyia majaribio mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima muda gani zinamtoka. Matokeo aliyachapisha mwaka 1885: tunasahau kwa kasi sana saa za mwanzo, kisha kasi inapungua.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wakaongeza jambo ambalo natamani ningelijua nikiwa sekondari. Wanafunzi walisoma kifungu. Baadhi wakakisoma tena, wengine wakafunga karatasi na kuandika wanachokikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma 42. Desa unalolisoma mara nne usiku mmoja linakupa hisia kwamba unajua, na mtihani hauji baada ya dakika tano. Funga daftari, andika, fungua, sahihisha.

Kuna jambo jingine utalisikia sana, hasa ukiwa Mwafrika darasani: "Haya mambo ni ya Wazungu." Usilitupe, na usilimeze. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walitaja uchunguzi ulioonyesha kwamba karibu asilimia 96 ya watu waliochunguzwa kwenye majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi za Magharibi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Hilo ni pengo kweli. Lakini kumbuka pia kwamba katikati ya miaka ya 1950 Mary Ainsworth alikuwa Uganda, akizitembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, akitazama mtoto anavyotambaa kwenda mbali, anavyogeuka kumtafuta mama, anavyorudi. Kitabu chake cha mwaka 1967 kimetokana na nyua za Waganda, na mafundisho juu ya mshikamano wa mtoto na mlezi wake yamejengwa kwa sehemu kubwa juu ya kazi hiyo. Ninaposoma habari zake namwona bibi yangu Kibosho, mtoto mgongoni, mwingine akichungulia nyuma ya kanga. Bado tunahitaji watu wa kuketi kwenye nyua hizo, wakiuliza maswali kwa Kiswahili na Kichaga. Binti yule nilipomwambia hivyo, aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

Sasa nikuambie kosa langu. Desemba ya mwaka wa pili nilipanda kijijini kama Wachaga wote. Mwezi mmoja kabla, shangazi alikuwa amempoteza mume. Alikuwa hali, hasemi, amekaa jikoni anatazama moto. Mimi, na mihula yangu mitatu, nikamwambia mbele ya watu, "Shangazi, una sonona." Hakunijibu. Aliinuka akatoka nje. Sikuwa nimemwuliza hata jina la ugonjwa uliomwondoa mumewe. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ni ugonjwa wa kweli na unaua. Anayeutambua hutazama dalili kwa siku nyingi, angalau wiki mbili, na amefundishwa kuutofautisha na majonzi ya msiba. Mimi nilikuwa na neno tu. Kesho yake nilikwenda kumenya ndizi pamoja naye, kimya, hadi akaanza kunisimulia mwenyewe. Ninyi mnaosifiwa kwa kusikiliza, msiache chuo kiwafundishe kusema kabla ya kusikia.

Kuhusu kazi nasema kwa ufupi, kwa kuwa mama yake aliniuliza mara tatu. Shahada ya kwanza haikufanyi mtaalamu wa kutibu. Itakufikisha kwenye rasilimali watu, mashirika ya maendeleo, ushauri nasaha mashuleni, utafiti. Mimi nilianza kwa mkataba wa kukusanya madodoso vijijini, malipo kwa siku. Ukitaka saikolojia tiba, hesabu shahada ya uzamili pia, Muhimbili wanaifundisha. Jadilini ada na wazazi leo, mapema, mkiwa na kalamu.

Walipoaga nilimpa binti daftari dogo. Nilimwomba Jumatatu akakae stendi ya Moshi nusu saa, aandike alichokiona: nani alisema nini, amevaa nini. Kisha alifunge wiki nzima, aandike tena bila kuchungulia, na aniletee kurasa zote mbili. Mama yake akauliza kama na yeye anaweza kwenda. Nikampasulia daftari karatasi mbili.