Kuchanganya rangi za akriliki mwenyewe au kununua zilizo tayari? Nilivyoona mimi

Mkuu umeuliza uongeze seti kubwa ya rangi zilizo tayari au ubaki na chache ujifunze kuchanganya, na umesema ukichanganya mwenyewe kila kitu kinageuka tope. Mi nina miaka saba na akriliki (rangi za kuchorea za maji zenye gundi ya plastiki), nilianza na seti ya tyubu 24 kama yako, na hilo tope nalijua vizuri.

Geuza tyubu usome nyuma. Kuna kodi ndogo inaanza na P, mfano PB29 au PY3, hiyo ndo pigimenti yenyewe, yaani unga unaotoa rangi. Kodi ikiwa moja, humo ndani kuna pigimenti moja. Zikiwa tatu basi kiwandani wameshachanganya tatu, sasa wewe unachukua hiyo yenye tatu unaikoroga na nyingine yenye mbili, hapo paleti yako (kibao cha kuchanganyia) ina pigimenti tano na kila moja inameza mwanga wake, rangi safi itatoka wapi? Mimi zambarau ilinitesa miezi mingi, inatoka kama kahawa iliyomwagika. Kumbe nyekundu yangu ilikuwa inaelekea kwenye chungwa na bluu inaelekea kwenye kijani, zote mbili zimebeba unjano, na njano ndo inayoua zambarau. Siku niliyochukua majenta, nyekundu inayoelekea kwenye waridi (PR122), na ultramarini, bluu inayoelekea kwenye zambarau (PB29), nikazikoroga, ilitoka zambarau safi mpaka nikaita watu waje kuangalia.

Kwa hiyo jibu langu: changanya sehemu kubwa ya rangi zako, ila nunua tyubu zenye pigimenti moja za kuchanganyia. Mimi natumia saba tu. Nyeupe ya titani PW6 tyubu kubwa kwa sababu inaisha haraka kuliko zote, njano ya limau PY3, njano ya udongo PY42, majenta, ultramarini, bluu ya thalo PB15:3, na hudhurungi ya udongo uliochomwa PBr7. Nyeusi sinunui, ultramarini na hudhurungi zikikutana zinatoa giza zito kabisa, ukitia nyeupe unapata kijivu, ukizidisha bluu kinapoa, ukizidisha hudhurungi kinapata joto, kijivu kama hicho nyeusi ya tyubu haikupi kirahisi.

Tahadhari na hiyo thalo, ina nguvu sana, chukua kwa ncha ya kisu. Na siku zote anza na rangi nyepesi kisha tia nzito kidogo kidogo. Mimi niliwahi kufanya kinyume, nikaweka bluu kwanza nikawa naongeza nyeupe nitafute rangi ya anga, naongeza, naongeza, nusu tyubu ya nyeupe ikaondoka na anga bado haijapatikana.

Sasa wapi ununue iliyo tayari. Dhahabu na fedha nunua, ule mng'ao unatokana na chembe ndogo zinazorudisha mwanga, huwezi kuukoroga kwenye paleti. Zile za kung'aa sana kama za alama za barabarani vilevile. Na eneo kubwa la rangi moja, ukuta au kibao ambacho utarudi kukirekebisha baadaye, nunua usijitese.

Hili la mwisho nililipia kwa jasho. Nilichanganya kijani cha kijivu cha nyuma ya picha, kwa macho tu bila kupima, kikaniishia ikabaki sehemu kama kiganja. Nikakoroga kingine, kikiwa kibichi ukiangalia ni kilekile kabisa, kesho yake kuna kiraka kinaonekana toka mlangoni. Gundi ya akriliki ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa, ikikauka inakuwa angavu, kwa hiyo rangi inashuka inakuwa nzito zaidi, na mimi nilikuwa nalinganisha mbichi na kavu. Nilirudia nyuma yote. Siku hizi napaka kwanza kwenye kipande cha karatasi, nakikausha, nalinganisha kavu kwa kavu, nakoroga zaidi ya ninayohitaji, naweka kwenye kopo lenye mfuniko unaobana na juu yake naandika vipimo.

Tyubu ambayo kwa kweli sitaki kuiona ni ile inayoitwa "rangi ya ngozi". Ngozi ya nani? Uso mmoja tu una rangi nyingi, paji la uso siyo shavu na shavu siyo kidevu. Kwa ngozi nyeusi mimi naanza na hudhurungi, naipa uhai kwa majenta na njano ya udongo, kwenye vivuli natia ultramarini, na pale mwanga unapogonga juu ya shavu mara nyingi ni bluu nyepesi au zambarau nyepesi, ukiweka nyeupe tupu uso unakuwa kama umepakwa vumbi. Hapa ndo utaona faida ya kuchanganya, sidhani kama kuna seti ya tyubu 60 itakayokupa hiyo.

Hiyo seti yako usiitupe. Kaa nayo leo usome kodi, zenye moja weka pembeni uanze kukorogea hizo mbili mbili kwenye karatasi, kila doa uliandikie limetoka wapi, zilizobaki zitumie kupakia tabaka la kwanza ambalo litafunikwa.