Nyumba ya ziwani na stakabadhi ya mfukoni

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 54, ni muuguzi, na tunaishi Uyole hapa Mbeya tangu tuoane. Mume wangu ni mwalimu. Amestaafu mwaka huu na mafao yake ya mkupuo yameshaingia. Wiki sita zilizopita alikwenda Kyela msibani, akarudi mtu mwingine. Kumbe huko rafiki yake alimpeleka kuona mradi wa nyumba kando ya Ziwa Nyasa, upande wa kuelekea Matema. Ni nyumba arobaini zinazofanana, zina uzio, geti, mlinzi na taa za sola barabarani. Bei ni milioni 85. Wanasema ufukwe ni wa wakazi peke yao. Kila mwezi unalipa shilingi 70,000 za usafi na ulinzi. Kuna na kanuni: hakuna kufuga kuku, hakuna kulima uani, hakuna kufunga turubai bila kibali cha uongozi.*

*Juzi nikifua suruali yake nikakuta stakabadhi ya arbuni, milioni 6. Hakuniambia! Nilipomuuliza akasema alitaka kunifanyia sapraizi. Sasa anataka tuuze nyumba ya Uyole ili amalizie malipo. Anasema amefundisha miaka 35 kwenye baridi na vumbi la chaki, anataka kuamka anaona maji. Mimi naogopa mbu, joto, na kuwa mbali na watu wangu. Tumenuniana, wiki ya pili hii. Nikubali au nikatae?*

*Mama wa Uyole*

Marahaba, mdogo wangu. Na kamwene, kama tunavyosalimiana huku Iringa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Habari za nyumba umeziandika kwa utulivu, hata taa za barabarani hukuzisahau. Ulipofika kwenye stakabadhi, peni imekandamiza karatasi hadi wino umetokea upande wa pili. Kwa hiyo naanza na stakabadhi, nyumba itasubiri.

Kuna kosa ambalo mnakaribia kulifanya wote wawili, la kuligeuza ziwa kuwa fimbo. Wewe ukilikataa ili kumwadhibu kwa kukuficha, atakaa Uyole miaka ishirini akiangalia ukuta na kukuhesabia. Ukilikubali ili manuno yaishe, mbu wa kwanza akikuuma utamkumbusha milioni 6. Mwite jioni mkiwa wawili, watoto wasiwepo, umwambie, "Mwalimu, mimi sijalikasirikia ziwa. Nimekasirikia mfuko wa suruali." Kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu. Wanaume wa rika lake wakiachiwa ukimya husema ukweli kuliko wakiulizwa maswali.

Simwoni kama mtu mbaya. Mstaafu mwenye mafao mapya hunukia, na madalali humsikia toka mbali. Wanamjia na kauli ya "zimebaki tatu tu" na "mwisho Ijumaa", na mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote anasaini bila kusoma. Hata hivyo kuficha ni kuficha, na sapraizi ya milioni 6 haipo. Sapraizi ni kitenge.

Kwenye nyumba ya Uyole nitakuwa mkali kidogo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi, haiwekwi rehani, haipangishwi wala haitolewi zawadi na mwenzi mmoja bila ridhaa ya mwingine. Hata kama hati ina jina lake peke yake. Na sheria hiyohiyo inakupa nafasi ya kwenda kuweka zuio kwenye ofisi ya msajili wa hati. Sikutumi ukaliweke kesho asubuhi. Nakuambia ili ukizungumza naye uzungumze kama mwenye nyumba, usizungumze kama mpangaji anayeomba aongezewe mwezi.

Na kwa maoni yangu, kama nyumba ya ziwani hainunuliki bila kuuza Uyole, basi bado si saizi yenu. Uyole viazi mnalima, daladala iko mlangoni, watoto wakikwama wana pa kurudi. Mtu hauzi pa kurudi akiwa hajalala hata usiku mmoja anakokwenda.

Sasa ziwa lenyewe. Hilo neno "ufukwe ni wa wakazi peke yao" ndilo limenifanya nivue miwani. Ziwa Nyasa ni la umma. Ardhi yote ya nchi hii ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini, na sisi tunapewa haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Juu ya hapo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita sitini si mbali, ni kama kutoka goli moja kuvuka nusu ya uwanja wa mpira. Mwambie Mwalimu achukue futi kamba, aanzie majini apime hadi ukuta wa nyumba anayoitaka. Ikitokea arobaini, hakuna haja ya kunisoma zaidi. Arbuni aiombe arudishiwe. Na kama iko nje ya sitini, ajue kwamba hiyo nafasi ya katikati hajauziwa.

Katika hiyo nafasi kuna watu. Wewe umekaa Mbeya unajua, lakini naona Mwalimu alifika saa nane mchana, saa ambayo ufukwe umelala. Angefika saa kumi na mbili asubuhi angekuta mitumbwi inarudi, dagaa wa usipa wanamwagwa kwenye vichanja, na jua likipanda harufu yao haijui geti wala mlinzi. Angekuta akina mama wanafua, watoto wanaoga, mvuvi anashona nyavu palepale alipokuwa akishonea baba yake. Pasaka na Krismasi angekuta magari kutoka Mbeya na Tunduma, spika kwenye buti, nyama inachomwa. Hao wote wana haki ya kuwepo. Anayenunua nyumba pale akitegemea ukimya ataishia kugombana na kijiji kizima, na kijiji kilikuwepo kabla ya uzio. Mimi ningeuliza njia ya wanakijiji ya kushuka majini iko wapi kwenye ramani ya mradi. Kama imezibwa na ukuta, huo mgogoro mnaununua pamoja na vigae.

Niruhusu kidogo nikusimulie ya kwangu. Mwaka 1998, baada ya zile mvua za El Niño, marehemu mume wangu alinunua kijumba karibu na Bwawa la Mtera. Maji yalikuwa yamefura. Ukikaa barazani unatupa jiwe linatumbukia. Tulikuwa tunanunua perege wakiwa bado wanarusha mikia, na mume wangu alifunga kigogo cha kuegeshea mtumbwi hatua kama thelathini kutoka jikoni. Ukaja ukame. Mwaka 2006, mwaka wa mgao wa umeme, nilitoka pale barazani nikatembea hadi miguu ikauma sijaona maji. Tope limepasuka vipandevipande kama ugali ulioachwa sufuriani, mtumbwi umelala ubavu, na vijana wameweka magoli ya mawe tulipokuwa tunavulia. Aliyetuuzia alituambia maji hayasogei. Labda na yeye aliamini.

Utasema Mtera ni bwawa la kuzalisha umeme, Nyasa ni ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 700, halikauki. Ni kweli. Lakini Nyasa nalo hupumua, na shida yake kwa mwenye nyumba ni pale linapovuta pumzi. Maji yake yana tundu moja tu la kutokea, Mto Shire kule kusini, Malawi. Miaka ya mvua nyingi ikifuatana, ziwa zima hupanda polepole, na halishuki kwa sababu wewe umepiga rangi. Mwaka 1980 lilipanda sana. Tena ninyi mtakuwa ncha ya kaskazini kabisa. Upepo wa kusini wa Juni na Julai unasukuma mawimbi urefu wote wa ziwa, yanakuja kuvunjikia hapo. Na nyuma yenu kuna tambarare ya Kyela, inayopokea mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo ikiteremka kutoka Rungwe na Ukinga mwezi wa Aprili. Mtafuteni mzee mvuvi, aoneshe kwa mkono wake maji yalifika wapi mwaka ule wa 1980. Wazee wa pwani hukumbuka kwa miti: "yalifika kwenye mwembe ule." Kama mwembe uko nyuma ya jiko lenu, mmejibiwa.

Ulizeni pia karo la maji machafu liko wapi. Hili madalali hawalipendi. Kwenye mchanga wa pembeni ya ziwa ukichimba kidogo tu unakuta maji, na nyumba arobaini zikimwaga kwenye mashimo ambayo nusu mwaka yameingiliwa na maji, basi mwisho wa yote mnaoga mlichomwaga. Habari ya kichocho na malaria sikufundishi, wewe ndiye muuguzi. Mfundishe Mwalimu.

Nimeshangaa kitu kimoja. Umeandika kuhusu mbu na joto, lakini ile kanuni ya turubai umeipita kama haikuhusu. Mimi ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mna miaka hamsini na kitu. Katika miaka ishirini ijayo mtazika wazazi, mtaozesha, mtabatiza wajukuu. Msiba ukiingia kwenye nyumba ya Mnyakyusa, au ya mtu yeyote wa huku kwetu, watu hawahesabiki, na hawaji kwa miadi. Masufuria yanatoka kwa jirani, kuni zinapangwa uani, watu wanalala chini siku tatu. Sasa mwili uko njiani, wewe unaandika barua ya kuomba kibali cha turubai? Kuku nitasamehe, mayai yapo dukani. Turubai sisamehi. Ombeni kanuni zote kwa maandishi, siyo za mdomo za getini, msome kuna nini kuhusu misiba, wageni wanaolala na magari. Muulize pia nani anaweza kuzibadilisha: wakazi kwa kura, au mwenye mradi akiamka vibaya?

Ada nayo. Shilingi 70,000 kwa mwezi ni 840,000 kwa mwaka, na kwa miaka ishirini ni milioni 16 na laki nane, kama haitapanda hata senti, na itapanda. Pensheni ya mwalimu mnaijua wenyewe. Fedha inakaa akaunti ya nani? Nyumba zikiuzwa kumi tu kati ya arobaini, zile thelathini nani anazilipia mlinzi? Ninavyojua mimi miradi ya namna hii, taa za sola huwaka vizuri sana wakati wa kuuza.

Karatasi nitazipitia harakaharaka kwa sababu wakili atawaeleza vizuri, na wakili mchukue wenu, msichukue wa kwao. Mjue kwanza kama ardhi hiyo bado ni ya kijiji au ilishahamishwa na kupimwa kuwa viwanja. Mjue kama kila nyumba ina hati yake, au zote zimelala juu ya hati mama moja yenye jina la mwenye mradi, maana hapo akiiweka benki na kushindwa kulipa, uzio wenu hauzuii mnada. Upekuzi unafanyika ofisi ya ardhi ya mkoa, Mbeya hapohapo, na utaonesha kama kuna rehani au zuio. Na hati ikija kuandikwa, iandikwe majina mawili. Mwalimu akiguna, mkumbushe suruali.

Kwa hiyo nikubali au nikatae, umeuliza. Usijibu lolote mwezi huu. Mwambie Mwalimu kwamba utakwenda naye. Hilo litamshtua, kwa sababu amejiandaa kukataliwa. Pangeni nyumba ya wageni Matema usiku mbili au tatu, na kama arbuni inaruhusu kusubiri, nendeni Aprili, mvua ikiwa inapiga, mkajionee barabara na karo. Lala bila feni usiku mmoja. Amka alfajiri mshuke wote majini, mkae kwenye mchanga, umwache atazame maji yake na safu za milima ya Livingstone zikianza kuonekana. Mtazame na yeye usoni. Miaka 35 ya chaki si mchezo, na inawezekana anachotaka ni asubuhi kama ile mara nne kwa mwaka, kitu ambacho nauli ya Kyela na chumba cha kulala vinatosha kukinunua. Inawezekana pia utakuta unapapenda wewe kuliko yeye, nimeona wanawake wakigeuka. Basi tafuteni kiwanja kilichopimwa, juu kidogo kutoka ziwani, kisicho na uongozi wa turubai, mjenge polepole Uyole ikiwa bado yenu.

Mkirudi niandikie. Na kama Jumamosi itawakuta hukohuko, piteni mnada wa vyungu pale Lyulilo, jirani na Matema, ule wa akina mama wa Kikisi. Ninunulie kimoja cha kupikia maharage, kisiwe kikubwa. Cha kwangu kilipasuka Krismasi.